Herufi L Ubavuni mwa Boneti

Mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema alikanyaga siafu akiwa na mimba yangu. Tangu nilipostaafu kazi ya serikali hapa Ibra, Oman, maradhi haya yamezidi. Nikimaliza chai ya asubuhi naingia garini, nafika hadi Bidiyah, nageuza, narudi, na nikiulizwa nilikwenda kufanya nini sina jibu. Kwa hiyo baba aliponiambia nimtafutie kaka yake, alijua anamtuma nani.

Kaka huyo, ami yangu, mimi simjui ila kwa picha moja. Alitoka Unguja baada ya mapinduzi, akafika Oman wakati ambao Waomani wenyewe walikuwa wakiikimbia nchi yao kutafuta riziki, akapata kazi ya udereva kwa watu waliokuwa wakisaka mafuta jangwani. Picha yake ililetwa na msafiri hadi Mombasa, ambako baba alikuwa amejibanza akingoja njia. Baada ya picha, kimya. Baba alipofika huku, miaka mingi baadaye, akaambiwa kaka yake alikufa kwa homa safarini, baina ya Nizwa na mkoa wetu huu wa Sharqiyah, akazikwa palepale na watu wema.

Palepale wapi? Hakuna aliyejua. Na makaburi ya kwetu hayaandikwi. Mwanamume huwekewa jiwe kichwani na jiwe miguuni, mwanamke huongezewa la tatu katikati, yamekwisha. Ni desturi nzuri, tajiri na fukara wanalala sawasawa, lakini hebu mtafute mtu humo!

Baba sasa ni mkongwe, masikio yamemtupa mkono, na ana haja moja tu iliyobaki duniani: asimame kwenye kaburi la kaka yake ampe habari za nyumbani kabla hajaitwa yeye. Hasemi kumwombea dua tu. Anasema kumpa habari. Baba ni mtu wa salamu. Ukimwambia unakwenda Sur kununua samaki, atakupa salamu za nusu ya watu wa Sur, na ukirudi atakusaili kila mmoja alijibu nini. "Salamu amana," husema, na kidole kimesimama. "Ukiibeba, uifikishe." Ndugu zangu wamejifunza kuondoka nyumbani kwake bila kuaga wanakokwenda.

Picha yenyewe anaiweka chini ya mto. Ami amevaa kanzu na koti, anacheka, kiwiko kimeegemea boneti ya lori lenye pua fupi na uso wa hasira. Ubavuni mwa boneti kuna herufi L kubwa na nambari nyeupe, tano, mbili, halafu kiwiko chenyewe kimefunika zilizofuata, halafu sita mwishoni. Miguuni kwake kuna jiwe. "Kapandia jiwe ili kiwiko kifike," baba hucheka kila mara anaponionesha, kama vile sijawahi kuiona. "Mfupi huyo! Kaka mkubwa, na akinifika hapa," na hujigusa kifuani.

Habari za lori nilizipata kwenye tanzia. Tulikwenda kuhani Al Qabil, na baina ya kahawa na kahawa mama mmoja akaanza kulalamika juu ya shamba la jirani yake, mjane mwenye mitende mizuri na uchafu mwingi, hata lori bovu la zamani za Waingereza halitupi, lile alilokuja nalo dereva aliyekufa. Nilishika kikombe hewani. Dereva gani? Ah, mgeni mmoja, wakati wa wazee wetu, alikuja na lori likifoka moshi, homa ikamwangusha, wakamzika pembeni mwa makaburi yao. Hakuna aliyekuja kumuulizia. Nikasimama kabla ya fatiha ya mwisho, jambo ambalo bado nasutwa nalo.

Mjane alinipokea kwa ukarimu wa watu wa mashambani, tende na kahawa kwanza, shida yako baadaye, nami roho inaniruka. Ni mwanamke wa kiasi cha umri wangu, hajapata kuiona Unguja, na Kiswahili chake ni maneno aliyookota kwa mawifi. Tulizungumza Kiarabu. Alithibitisha yote: mgeni, homa, kaburi. Yeye alikuwa hajaolewa nyumba ile wakati huo. Mzee aliyemzika alikuwa baba mkwe wake, na hakupata kusema mgeni aliitwa nani, wala katoka wapi, pengine hakujua.

Lori lilikuwa nyuma ya falaji, mfereji wa kunyweshea mitende, limezama mchangani hadi nusu ya magurudumu, mtende mchanga umeota palipokuwa na tela. Nilikuwa sijawahi kuliona, lakini nililijua. Pua fupi, macho karibukaribu, na vioo vya mbele vimeinama kinyume, chini vimeingia ndani, juu vimetoka nje, kama mtu anayekutazama kutoka dirishani. Ndivyo lilivyo lori la pichani. Boneti tu ilikuwa imepakwa rangi ya kijani ya milango ya mashamba, na hapakuwa na L wala nambari.

Basi nikawa sina raha. Nilikuwa nikipika, nalala, nasali, na boneti iko mbele ya macho yangu. Nikaingia mtandaoni na Kiingereza changu cha ofisini, nikakuta kumbe kuna watu wanaoishi kwa ajili ya magari haya. Yalitengenezwa Kanada wakati wa vita vikuu, kwa malaki, yakasambazwa kila palipokuwa na askari wa Mwingereza, na vita vilipokwisha yakauzwa yalipo kama viazi. Mzee mmoja wa Kanada, mstaafu kama mimi, alinishika mkono. Tazama mahali patatu, akaniandikia. Kuna kibati kilichopigwa ribiti kwenye dashibodi, hicho ni cha kiwandani. Kuna nambari iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi karibu na gurudumu la mbele, nayo ni ya kiwandani. Kisha kuna nambari ya jeshi, ambayo haikugongwa popote, ilipakwa tu kwa brashi ubavuni mwa boneti. L ni ya malori, na yale ya jeshi la Kanada lenyewe huongezwa C mbele. Unayoitafuta wewe ni hiyo ya rangi, na kama watu hawakuikwangua, bado ipo chini.

Nikanunua msasa laini na ndoo ya maji. Mjane aliniangalia nikipiga magoti mbele ya lori lake na abaya yangu nimeifunga kiunoni, akaniuliza kwa upole kama nina watoto. Alidhani nimepagawa. Unasugua kwa duara, polepole, unamwagia maji, unafuta, unasugua tena. Polepole! Mimi! Mara mbili nilitupa msasa, nikazunguka lori zima nikilisema vibaya, nikarudi. Chini ya kijani palikuwa na buluu, chini ya buluu rangi ya mchanga, na ndani ya mchanga ule, asubuhi ya siku niliyokuwa nimeapa ni ya mwisho, ukatokea mguu wa herufi. Mguu mmoja umesimama, mmoja umelala. L.

Tano ikafuata, kisha mbili. Nikaendelea hadi zile zilizokuwa chini ya kiwiko cha ami, ambazo pichani hazionekani na ambazo baba hakupata kuziona maisha yake yote. Nikafika mwisho. Sita. Nililia pale mchangani, nasema kweli, nililia kwa sauti, na mjane akaleta kahawa kwa sababu hakujua alete nini kingine.

Mtu mwenye akili angepiga picha, akampelekea yule mzee wa Kanada, akasubiri. Mimi nilipiga picha za kila kitu, boneti, kibati, nambari ya chesisi, nikazituma, na kabla hazijamaliza kwenda nilikuwa barabarani kurudi Ibra. Nilimkuta baba barazani anakuna miguu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona una mchanga mpaka kichwani?"

Nikampigia kelele sikioni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba nirudie, nikarudia. Hakulia. Alitia mkono chini ya mto aliouegemea akatoa picha, akaitazama kitambo.

"Al Qabil," akasema. "Nami nikipita Al Qabil kila mwaka kwenda kununua mbuzi! Nampita kaka yangu nakwenda kununua mbuzi!" Kisha akanikazia macho. "Kesho utanipeleka."

Kesho yake alikuwa tayari kabla yangu. Kanzu mpya, kilemba, uturi hadi gari zima likanuka arusi. Njiani alikuwa akijisomea habari zake kwa mpangilio: mama alifariki lini na nani alimkosha, nyumba ya Malindi kule Unguja nani anakaa sasa, nani kaoa nani. Alikuwa kama mwanafunzi anayekwenda mtihani. Akisahau jina anarudia tangu mwanzo. Nami naendesha, moyo umejaa, na kwa mara ya kwanza nilitamani njia iwe ndefu.

Mjane alitutandikia ukumbini. Baba akaanza kunywa kahawa na kumsalimia kila mtu wa nyumba ile, waliopo na wasiokuwapo, kwa Kiarabu chake kibovu cha Unguja ambacho wajukuu humwigiza. Mimi, kwa kutoweza kukaa, nikatoka nje kwenda kulitazama lori letu. Nasema letu, ndivyo nilivyolihisi. Simu ikalia. Yule mzee wa Kanada alikuwa amejibu.

Hakunipa hongera. Alikuwa na swali. Kibati chako, aliandika, kinasema gari hili ni la robo tatu ya tani, katika yale madogo. Madogo yalipewa Z. L ilipewa makubwa peke yake. Pengine kibati kimebadilishwa, hivyo tafadhali pima toka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Akaniandikia vipimo vya dogo na vya kubwa. Na kumbuka, akamalizia, kichwa cha magari yote haya ni kimoja, boneti ya kubwa inaingia kwenye dogo bila kupigwa nyundo.

Nilimwomba msichana wa jikoni futi ya kushonea, nikapima. Nikapima tena upande wa pili, nikiuvuta utepe kana kwamba chuma kitarefuka. Lilikuwa dogo. Lilikuwa dogo tangu siku ya kwanza, macho yangu yalikuwa yakiangalia uso tu.

Mjane alikuwa amesimama kizingitini na dele la kahawa mkononi. Nikamuuliza, na nadhani nilimuuliza kwa ukali, kama boneti hii ni ya lori hili.

"La," akasema. "Yake ilipondwa na mtende ulioanguka mwaka wa mvua kubwa. Baba mkwe wangu alikwenda Nizwa, kulikuwa na malori mabovu yamerundikwa nje ya mji, akang'oa hiyo akaileta. Hakutaka gari la marehemu likae uso wazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza gari, dada yangu. Hukuniuliza boneti."

Ni kweli, sikumuuliza. Lori la ami lilifia Nizwa kwenye rundo la vyuma, na yeye mwenyewe kafia Mungu anakojua, na huyu wa hapa ni dereva mwingine wa gari jingine ambaye watu wake pia huenda walipewa neno lilelile, homa, safarini, watu wema. Niliona hasira. Nilimkasirikia baba mkwe wa mjane, aliyefariki zamani, kwa heshima yake, na mzee wa Kanada kwa ujuzi wake, na msasa. Nikaingia ukumbini kwenda kumwambia baba.

Baba hakuwamo. Alikuwa keshachukua bakora, akaongozwa na mtumishi hadi makaburini.

Nilikimbia. Makaburi yao yapo nyuma ya shamba, kiwanja cha mawe kilichozungushiwa ukuta mfupi unaofika kiunoni, na sisi wanawake hatuingii, kwa hiyo nilikomea ukutani nikihema. Mtumishi alikuwa amekwishamwonesha kaburi na kuondoka. Lilikuwa peke yake pembeni, kama walivyosema. Baba amesimama mbele yake, bakora ameiegemeza tumboni, mikono wazi. Dua alikuwa ameimaliza. Alikuwa kwenye habari.

Kiziwi hajui kunong'ona. Nilisikia kila neno. Alimwambia mama alifariki akiwa mzima wa akili, na kwamba hadi siku ya mwisho alikuwa akiwekesha sahani ya ziada ya wali kwa ajili ya mwanawe aliye safarini, na asiyeiweka alifukuzwa jikoni. Alimwambia mikarafuu ya shamba la Dole imekatwa. Alimwambia yeye kaoa, kazaa, mkewe kamtangulia, na kwamba ana binti mmoja mwehu hatulii lakini ndiye aliyekutafuta, kaka, usije ukamsahau kumwombea. Niliziba mdomo kwa shela. Nikasema nafsini mwangu, nyamaza, wewe mwanamke, nyamaza maisha yako yote.

Kisha baba akanyamaza yeye. Alikuwa akitazama chini. Alitazama jiwe la kichwani, akatazama jiwe la miguuni. Akaenda pole hadi la miguuni, hatua zikawa nyingi kuliko alivyotarajia, akasimama pale akiangalia nyuma alikotoka. Halafu akaunyanyua mkono na kujigusa kifuani, palepale anapojigusa siku zote akinionesha picha.

"Mwanangu!" akaita bila kugeuka. "Huyu ni mrefu."

Nikampigia kelele, nikijua shamba zima linasikia. Nikamwambia boneti ilitoka Nizwa. Nikamwambia lori hili ni jingine. Ilibidi niseme mara tatu, na kila mara lilikuwa chungu zaidi, kwa sababu jambo kama hilo lastahili kusemwa kwa sauti ndogo, na mimi nalitangaza kama muuza samaki.

Baba alisimama palepale hadi nikaanza kuangalia nitakavyopita mlangoni, desturi au si desturi. Alikuwa akitikisa kichwa, si kwa kukataa.

"Nishampa yote," akasema hatimaye. "Nishamwambia mpaka habari za sahani. Nitayarudishaje?"

"Twende nyumbani, baba. Nizwa nitakwenda mie. Nitatafuta."

"Utatafuta, ndiyo. Wewe hukai." Akafuta uso kwa ncha ya kilemba. "Lakini mie nimebeba siku nyingi, sina kesho nyingi za kungoja. Na huyu yuko huko alipo kaka. Dereva na dereva, watakuwa wanajuana. Basi atanifikishia."

Baba akarudi kichwani mwa kaburi akajiweka sawa, kisha akageuka kunitazama kwa wasiwasi, wasiwasi wa kweli, ambao sikuuona hata nilipomwambia habari mbaya.

"Sasa, Kiswahili anakijua huyu?"

"Hatujui, baba."

"Watu wengi hapa hawakijui."

"Wengi hawakijui."

"Basi nimesema bure," akasema. Akakohoa, akasafisha koo, akamsalimia yule mtu mrefu upya, kwa Kiarabu, akamwambia ana salamu za kumpa azichukue kwa kaka yake, ambaye ni mfupi, anacheka sana, hatampotea. Akaanza tangu mwanzo. Kiarabu kikamwishia njiani. "Mwanangu! Karafuu wanaitaje?"

"Qaranful!"

"Qaranful," akamwambia kaburi, zimekatwa. Akaendelea, akakwama tena, akaniita tena. Nilikuwa nimeketi juu ya ukuta bila kujua nimeketi saa ngapi, na kahawa niliyoletewa na mjane imepoa kando yangu.

"Na lile la mama," baba akaita, "kuwa akimwekea sahani? Niambie pole pole, nisilikosee, hili ndilo lenyewe."

Nikamtamkia neno moja moja juu ya ukuta, naye akalipeleka moja moja.